Mtoto kaungua kwa chai: kiwiko kina weupe na mkono unakunjika. Nifanye nini, na kovu litazuilika?

BintiKisauni
Asalaam alaykum wana jamvi. Mtoto wa dadangu, msichana wa miaka sita, alimwagikiwa na chai ya maziwa, na sasa yuko wiki ya pili. Ameungua mkono wa kulia kuanzia juu ya kifundo hadi kupita kiwiko, upande wa ndani, na kifuani sehemu ya kama viganja vyake viwili. Anafungwa kila siku zahanati ya mtaani kwa ile krimu nyeupe ya silva, yaani yenye madini ya fedha ya kuua vijidudu. Kifua kimeshaanza kuwa waridi, lakini kwenye kikunjo cha kiwiko pamebaki weupe, na akiguswa hapo halii kama anavyolia akiguswa kifuani. Mkono anaukunja muda wote, hata akilala.

Nauliza: (1) huo weupe ni dalili ya kupona au ya kuharibika? (2) Kovu tulianzie lini na kwa dawa gani? Kila jirani ana yake: shubiri, asali, manyoya ya sungura. (3) Mamake anakaanga bhajia na viazi vya karai hapo nje ya nyumba, kwa hiyo nataka pia kujua la kufanya dakika ile ile mtu anapoungua, tena mfereji wetu hutoa maji siku mbili kwa wiki.

Nesi_MwembeTayari
Wa alaykumu salaam, poleni sana. Naanza na kiwiko kwa kuwa ndicho chenye haraka.

Kwanza hakikisheni kwamba ule weupe ni ngozi kweli. Krimu ya silva ikichanganyika na maji ya kidonda hufanya utando wa kijivu au mweupe unaonata, na wengi huudhania usaha. Siku ya kufunga, mwambie anayemfunga aloweshe gozi kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, ailaze juu ya kidonda dakika kumi, kisha apanguse taratibu kwa upande mmoja. Utando ukitoka na chini pakaonekana waridi penye unyevu, ilikuwa krimu tu. Weupe ukibaki pale pale, basi umo ndani ya ngozi yenyewe. Hapo abonyeze kwa kijiti safi cha pamba na kuachilia. Ngozi iliyoungua juu juu hupauka ikibonyezwa na kurudisha waridi yake ndani ya sekunde mbili hivi. Iliyoungua kwa kina hurudisha rangi kwa uvivu, au hairudishi kabisa. Halafu kuna hilo ulilolitaja mwenyewe, kwamba haumii sana pakiguswa. Watu hufurahi mtoto asipolia, lakini kwenye jeraha la moto kutoumia si habari njema: maana yake ni kwamba hata mishipa ya hisia imeungua.

Na msitishike na waridi mnayoiona kifuani. Weusi wa ngozi uko tabaka la juu. Likichunika, chini yake kila mtu ni waridi. Rangi itarudi yenyewe kwa miezi kadhaa, mara nyingi ikianzia pembezoni na kwenye matundu ya vinyweleo.

Sababu ya haraka ni hii. Kidonda cha moto kinachofunga ndani ya wiki mbili kwa kawaida huacha tofauti ya rangi tu. Kikivuka wiki tatu bila kufunga, uwezekano wa kovu nene lililoinuka hupanda sana, na kwenye kiungo huja na kukaza. Kwa hiyo hapo kwenye kiwiko mnashindana na kalenda. Mpelekeni Makadara, yaani Coast General, hospitali kuu ya rufaa ya Mombasa, aonwe na daktari wa upasuaji wiki hii, asingojewe mpaka "pakauke pakauke". Daktari akiona sehemu haielekei kufunga, atazungumzia kupandikiza ngozi: huchunwa tabaka jembamba la ngozi, mara nyingi pajani, na kulazwa juu ya kidonda kilichosafishwa. Wazazi wengi hulikimbia hilo neno, wakarudi miezi baadaye na mkono usionyooka, na hapo upasuaji wake ni mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Kuhusu kifua, ambacho chaonekana kinaendelea vizuri: muulizeni anayemfunga kama bado kuna haja ya krimu ya silva. Krimu hiyo ina kazi yake kwenye jeraha la kina au lenye hatari ya vijidudu, lakini kwenye kidonda safi cha juu juu hukawiza ngozi mpya kuota, tena hulazimu kufungua kila siku, na kila kufungua ni kuchuna. Kidonda kikishakuwa safi na waridi, gozi ya vaselini inatosha. Tabaka moja au mawili ya gozi ya vaselini kugusa kidonda, juu yake gozi kavu za kunyonya maji, kisha bandeji. Hufunguliwa kila baada ya siku mbili au tatu, isipokuwa ikilowa hadi nje, ikinuka, au mtoto akipata homa. Kwa joto letu, hasa kipindi cha kaskazi, gozi hulowa jasho mapema kuliko vitabu vinavyosema, kwa hiyo angalieni kingo za kidonda: ngozi nzima ya pembeni ikiwa nyeupe na laini kama vidole vilivyokaa majini, bandeji imekaa kupita muda wake.

Mpeni dawa ya maumivu nusu saa hadi saa moja kabla ya kufunguliwa. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 20 apata miligramu 300, ambayo kwa ile sharubati ya miligramu 120 ndani ya mililita 5 ni mililita 12.5. Isipite mara nne kwa siku, na pasipungue masaa sita kati ya dozi na dozi. Mpimeni uzito kwanza, msikadirie kwa umri, tena soma lebo ya chupa kwa sababu nguvu hazifanani.

Maji ya kusafishia: kisima chenu kikiwa cha chumvi, kuyachemsha maji yake hakuondoi chumvi, kunaizidisha. Tumieni maji matamu. Mkitaka kutengeneza maji ya chumvi ya kidonda, ni kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, kilichosawazishwa, kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa.

Na muulize sindano ya pepopunda kama chanjo zake zimekamilika. Homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, harufu, wekundu au uvimbe unaotambaa kwenye ngozi nzima, au sehemu ya waridi kugeuka nyeusi, hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo homa inayokuja na kuhara, kutapika na upele, hata kama kidonda chenyewe chaonekana kizuri.

HudumaYaKwanza_Likoni
Nalijibu la tatu.

Maji yanayotiririka, dakika 20 kamili. Kama mtu hakuwahi papo hapo, kupoza bado kuna faida hadi masaa matatu baada ya kuungua, kwa hiyo hata aliyekwisha kupakwa takataka nyumbani aoshwe na kupozwa. Dakika mbili tatu hazitoshi, kwa sababu joto lililozama ndani ya ngozi huendelea kuipika baada ya chai yenyewe kukauka. Barafu usiweke kabisa. Inabana mishipa midogo ya damu, na ile ngozi iliyokuwa imejeruhiwa nusu ikakosa damu hufa.

Sasa Mombasa yetu. Mfereji ukiwa mkavu, chukua mtungi wa lita 20 na kopo la lita moja, umimine kopo moja kwa dakika, polepole, kuanzia juu ya jeraha. Mtungi mmoja ndio dakika zako 20. Anayekaanga awe na mtungi mmoja kamili karibu ambao haukopwi kuosha vyombo. Ikiwa maji yaliyopo ni ya kisima cha chumvi, yatumie, usipoteze dakika kumi kutafuta mengine. Mwisho suuza kwa maji matamu. Na tangi la juu ya paa uliogope: mchana, maji ya kwanza kwenye bomba hutoka moto. Yaache yamwagike, jaribu kwa mkono wako, ndipo umuweke mtoto.

Huku maji yanamiminika, vua nguo iliyolowa chai au mafuta, maana kitambaa hushikilia joto. Toa bangili, pete, mkufu na nepi kabla uvimbe haujaanza. Kitambaa kilichogandana na ngozi kata pembeni yake, kiache. Mtoto mdogo poza jeraha peke yake, sehemu nyingine za mwili zifunikwe leso kavu; akianza kutetemeka, simamisha maji.

Baada ya hapo usipake kitu. Funika kwa plastiki nyembamba ya kufungia chakula: tupa mzunguko wa kwanza wa roli, kisha laza vipande juu ya jeraha bila kuzungushia mkono, kwa sababu mkono utavimba na plastiki iliyozungushwa itabana. Plastiki haigandi, inazuia hewa inayochoma, na daktari anaona jeraha bila kufungua. Kukosekana plastiki, leso safi isiyotoa nyuzi inafaa. Malengelenge usiyapasue nyumbani.

Ukubwa upime kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole, ambacho ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Wekundu mtupu usio na lengelenge hauhesabiwi. Mtoto aliyefika viganja kumi, au mtu mzima viganja kumi na tano, anahitaji dripu, na saa za dripu huhesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika mlangoni. Anayetoka ng'ambo ya feri asingoje foleni kwa ajili ya hospitali kubwa: aanzie hospitali ya Likoni awekewe dripu, kisha wampe rufaa. Uso, mikono, nyayo, sehemu za siri, kiungo, jeraha lililozunguka mkono au mguu mzima, moshi uliovutwa ndani ya chumba, umeme, na mtoto mchanga: hao wote waende bila kuhesabu viganja. Umeme hasa hudanganya, tundu dogo kidoleni na misuli imeharibika ndani. Asidi ya betri au dawa ya kuzibulia choo, maji mengi kwa saa nzima. Ikiwa ni ya unga, kwanza ipanguse ikiwa kavu.

Na kwa karai ya bhajia: mafuta yakishika moto, funika kwa mfuniko au sinia, zima jiko, usimwage maji wala usilibebe karai. Majeraha mengi ya mafuta yenye kuogofya hutokea pale mtu anapolikimbiza karai nje.

MzinaNyuki
Mbona asali mnairuka? Wazee wetu wametibu moto kwa asali toka enzi, na hata hospitali za Ulaya zinatumia.

Mfamasia_Bondeni
Ndugu yangu, hukukosea yote. Asali ina ushahidi mzuri kwenye majeraha ya moto ya juu juu, na yapo mabandiko ya asali hospitalini. Lakini hiyo ni asali iliyosafishwa kwa mionzi kuua mbegu za vijidudu, ikatiwa kwenye gozi tasa. Ya chupa ya soda barabarani hujui imechanganywa na sukari guru kiasi gani wala ilikingwa kwenye ndoo ipi. Tofauti iko hapo, na mtoto mwenye kidonda kiwikoni si wa kufanyiwa jaribio.

Vingine navipitia upesi. Dawa ya meno ina mentholi, hudanganya kwamba panapoa huku ikiziba joto ndani, na nesi atalazimika kuisugua itoke. Yai bichi ni chakula cha bakteria. Unga wa ngano hugandana na kidonda ukawa simenti. Manyoya ya sungura yananikasirisha kuliko yote: yanabaki ndani ya nyama, hayatoki kwa kuoshwa, na mnyama hulala kwenye udongo wenye pepopunda. Shubiri ni afadhali, lakini kwa wekundu usio na kidonda tu, na ule utomvu wa manjano unaotoka chini ya ganda uachwe utiririke kwanza kwa sababu unawasha. Kwenye kidonda wazi, hapana.

Mafuta ya nazi na simsim yana kazi nzuri, ila baadaye, ngozi ikishafunga.

Upande wa makovu, mtu akija dukani akanionyesha kovu la mwaka mzima na pesa mkononi, kwa kweli sina cha ajabu cha kumuuzia. Chenye ushahidi wa maana ni silikoni, jeli au bandiko. Mafuta ya vitamini E hayajaonyesha faida, na baadhi ya watu huwatoa upele. Jeli za kitunguu faida yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei. Krimu za kuchubua zipigeni marufuku nyumbani. Zile zenye zebaki au haidrokwinoni zimekatazwa nchini na bado zauzwa chini ya kaunta, na zile zenye steroidi kali hufanya ngozi mpya kuwa nyembamba, mishipa ikaonekana, na rangi ikatoka mabaka. Ngozi iliyotoka kuungua haina ulinzi wa kuhimili hayo.

BintiKisauni
Ahsanteni mno. Krimu imepanguswa, na kiwikoni weupe haukutoka. Tumepewa barua ya Makadara, tunakwenda kesho asubuhi inshallah. Wakati huu tunangoja, mkono tuunyooshe au tumuache asiumie? Na hiyo silikoni tuinunue kabisa?

Fizio_Tononoka
Silikoni msinunue bado. Haiwekwi kwenye kidonda kilicho wazi, na bandiko mkilinunua leo litakaa kabatini. Pesa hizo kwa sasa ni za mayai, maharagwe, samaki na maziwa, kwa kuwa mwili unaojenga ngozi unakula protini nyingi kuliko kawaida.

Mkono ndio kazi ya leo, na usingoje kovu litokee. Kwenye moto, mkao ambao mgonjwa anauona mzuri ndio huo huo utakaomlemaza. Mtoto hukunja kiwiko kwa sababu kikikunjwa kidonda hakivutwi. Kidonda kikifunga katika mkao huo, ngozi mpya inakuwa fupi, na misuli ya kukunja ina nguvu kuliko ya kunyoosha, kwa hiyo kila siku inajivuta zaidi. Kiwiko kilichoungua mbele kikae kimenyooka. Mwombeni fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) wa hospitali amtengenezee banzi la plasta au la plastiki ngumu linalolala nyuma ya mkono, kutoka karibu na kwapa hadi kifundo, likafungwa juu ya bandeji ya kidonda. Alale nalo usiku kucha, na mchana avue kwa ajili ya kula, kucheza na mazoezi. Banzi lisibane: bonyeza ukucha wake, rangi irudi ndani ya sekunde mbili, na vidole visiwe baridi wala kufa ganzi. Likiacha alama nyekundu isiyoondoka baada ya nusu saa, lirudishwe likarekebishwe kabla halijatoboa kidonda kipya.

Akipandikizwa ngozi, mazoezi husimama kwa siku kadhaa ili ngozi ishike, na banzi ndilo linaloilinda. Mtapangiwa na daktari lini kuanza tena, msiamue nyumbani.

Mazoezi: nusu saa baada ya dawa ya maumivu, nyoosha taratibu mpaka ngozi ianze kupauka kwa kuvutwa, shikilia hapo sekunde 30, legeza. Mara kumi, na urudie vipindi vinne hivi kwa siku. Usirushe mkono kwa ghafla, utapasua. Mtoto wa miaka sita hataki kuhesabu. Tundika leso juu ya mlango aivute, mpe mpira aurushe juu, mchore ukutani mstari anaotakiwa kuufikia kwa vidole. Kifua nacho kina sharti lake: asilale kwa mto mnene kama jeraha linakaribia shingo, na mabega yarudishwe nyuma, kwa sababu kovu la kifua huyavuta mbele.

Ngozi ikishafunga yote, pasipo unyevu wala gaga, ndipo zamu ya kovu. Usidanganyike na ulaini wa wiki za kwanza. Kovu la moto huanza kuinuka wiki ya nne hadi ya nane baada ya kufunga, huendelea kukua miezi sita hivi, kisha hulainika polepole hata mwaka mmoja au miwili. Mwenye kuanza kulihangaikia likishasimama ameanza nusu ya safari imekwisha.

Silikoni: bandiko likatwe lipite ukingo wa kovu kwa sentimita moja au mbili, liwekwe juu ya ngozi kavu isiyo na mafuta. Siku ya kwanza masaa manne, ongeza kila siku hadi lifike angalau 12, na likikaa karibu siku nzima ni bora. Kila siku livuliwe, lioshwe kwa sabuni laini, likaushwe kivulini upande unaonata ukiwa juu, ngozi nayo ioshwe. Bandiko hilo hilo hutumika wiki kadhaa mpaka lichoke kunata. Hapa Pwani kinachoshinda wengi ni vipele vya jasho chini yake. Vikitokea, pumzika siku moja mbili, usikate tamaa. Au tumia jeli, mara mbili kwa siku, tabaka jembamba mno linalokauka ndani ya dakika tano. Ikibaki inateleza umepaka nyingi na umepoteza pesa. Kwa kiwiko, ambapo bandiko hubanduka kila akikunja, jeli huwa rahisi. Kadiria miezi mitatu kama ndio uchache.

Kukanda: ngozi mpya ikishakomaa kiasi cha kutotoa lengelenge ikisuguliwa. Mafuta ya nazi yasiyotiwa manukato, au vaselini, kidole gumba kikandamize mpaka rangi ipauke, kizunguke, kisha kivute ngozi upande ambao kovu linakataa. Dakika tano hadi kumi, mara tatu kwa siku. Kupaka juu juu ni kulainisha tu, si kukanda. Na kama mnatumia silikoni, mafuta yaoshwe kwanza, la sivyo bandiko halitashika.

Nguo ya kubana hushonwa kwa vipimo vya mgonjwa, huvaliwa masaa 23 kwa siku, huvuliwa kuoga na kukanda. Ziwe mbili, moja imevaliwa moja imefuliwa. Baada ya miezi miwili mitatu mpira wake unalegea na mtoto amekua, kwa hiyo hupimwa upya. Nguo iliyolegea ni vazi tu. Fundi cherehani wa kawaida hawezi kukisia kiasi cha kubana. Wasioipata huanza na bandeji ya mpira ya mviringo, ile inayovutwa kama soksi.

Kwa kuwa ni msichana, na jeraha liko kifuani, hilo faili lisifungwe mapema. Kovu lililokaza laweza kubana titi linapoota akibalehe, na likigunduliwa mapema hufunguliwa kwa upasuaji. Muandikieni kliniki ya ufuatiliaji hata kama mwaka huu anaonekana mzima.

AbiriaWaBoda
Naomba kudandia. Alama ya duara mguuni ya bomba la moshi la pikipiki, ndogo tu kama chupa ya soda chini, nayo ina habari hizo zote? Haijafunga na ni wiki ya tatu inaingia.

Nesi_MwembeTayari
Inazo, na wengi huidharau kwa udogo wake. Chuma cha moto huunguza kwa kina ingawa mahali ni padogo, na mguu wa chini hupona polepole kwa sababu damu hurudi kwa tabu. Kaonwe, hasa ukiwa na kisukari. Usiku na ukikaa inua mguu juu ya usawa wa moyo, funga kwa gozi ya vaselini, usiache "ipate hewa" ikafanya gaga, maana chini ya gaga ngozi mpya hutambaa kwa shida na vumbi la barabara lipo. Sindano ya pepopunda, ikiwa imepita miaka mitano, ongeza.

BintiKisauni
Swali la mwisho, niwieni radhi. Muwasho usiku, jua la kwenda shule, na kuogelea baharini? Na dadangu anaogopa keloidi, familia yetu inazo masikioni.

Mfamasia_Bondeni
Muwasho ni kawaida ngozi ikifunga, na mtoto akijikuna usiku anafungua kidonda upya. Kata kucha, paka mafuta yasiyo na manukato mara nyingi, mvalishe pamba. Setirizini, dawa ya mzio, mara moja kwa siku humsaidia. Ile dawa ya zamani ya mzio inayoleta usingizi hutumika usiku, kwa dozi ya uzito wake utakayopewa na mfamasia.

Jua: ngozi mpya hushika weusi wa mabaka kwa mwaka na zaidi. Mikono mirefu ya pamba ndiyo kinga ya kwanza, kisha krimu ya jua ya kiwango cha 30 au zaidi kwa palipo wazi, irudiwe kila masaa mawili akiwa nje. Bahari mpaka kidonda kifunge chote, na hata hapo aoge maji matamu mara tu akitoka, akaushwe, apakwe mafuta, kwani ngozi iliyopandikizwa huwa na tezi chache za mafuta na chumvi huikausha ikapasuka.

Keloidi na kovu nene la moto si kitu kimoja. Kovu nene hubaki ndani ya mipaka ya jeraha na hupungua kwa muda. Keloidi huvuka mipaka, ikala ngozi nzima iliyo jirani, wala haipungui yenyewe. Kwa historia ya familia yenu, mwambieni daktari tangu kesho, kabla hajaamua mahali pa kuchuna ngozi ya kupandikiza. Ikianza kuvuka mpaka, hutibiwa kwa sindano ya triamsinoloni, aina ya steroidi, ndani ya kovu lenyewe, kila wiki nne hadi sita kwa vipindi kadhaa, huku silikoni ikiendelea. Inauma, na ikizidi huacha shimo au weupe, kwa hiyo ni ya mkono wa daktari wa ngozi au wa upasuaji. Kuikata peke yake bila sindano wala tiba nyingine msikubali. Mara nyingi hurudi, na mara nyingine kubwa kuliko ya kwanza.

Fizio_Tononoka
Kesho nendeni na krimu yenyewe, kadi ya chanjo, na picha za kidonda za tangu siku za mwanzo kama mnazo kwenye simu. Mwacheni asile kitu tangu alfajiri mpaka aonwe, ila kwanza pigeni simu au muulize mapokezi kama inahitajika, kwani daktari akiamua kusafisha kidonda kwa dawa ya usingizi siku hiyo hiyo, tumbo lililoshiba litaahirisha kila kitu. Na mwambieni dereva wa tuktuk aende polepole kwenye matuta, mkono ukiwa umenyooka juu ya mto.